Ngome au malkia? Jibu langu kwa swali la wiki

Wahariri, mlituuliza: sataranji ni mchezo wa kupitisha muda, ni michezo ya mashindano kama riadha na ndondi, ni sanaa, au ni sayansi? Mkatutaka tuchague kimoja. Huenda kwenu ni gumzo la Jumapili. Kwa wanaocheza sataranji katika nchi zetu ni swali la nauli. Timu ikipeleka barua ya kuomba msaada wa kwenda mashindanoni, jibu ni lilelile la miaka yote: jasho liko wapi? Wa mpira wanapewa basi, wa sataranji wanapewa nasaha.

Basi jibu langu la kwanza ni fupi na lina hasira. Ni michezo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, mwaka 1999. Michezo ya Afrika imewahi kuwa na sataranji, Algiers 2007 na Maputo 2011. Wachezaji wanaweza kupimwa dawa zilizopigwa marufuku kama wanariadha. Anayedai mwili haufanyi kazi asome habari za Karpov na Kasparov: mechi yao ya ubingwa wa dunia ilianza Septemba 1984, ikasimamishwa Februari 1985 baada ya michezo 48 bila mshindi, na iliripotiwa kwamba Karpov alikuwa amepungua kilo 10 hivi. Najua si wote wanaokubali. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikubaliana na chombo cha serikali kilichokataa kuutambua mchezo wa karata wa bridge kuwa ni michezo, kwa sababu hauna mazoezi ya mwili. Hoja hiyohiyo hutumiwa dhidi ya sataranji.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini ukitaka kuonyesha kwamba sataranji ni michezo, ni lazima utaje waamuzi, na ukiwataja waamuzi utafika kwenye kisa cha ngome (kete inayokwenda wima na mlalo tu) iliyopinduliwa.

Askari akifika safu ya mwisho hubadilishwa kuwa kete nyingine, na karibu kila mara huwa malkia, kete inayokwenda wima, mlalo na kwa mshazari. Kanuni za FIDE zinataka umtoe askari, uweke kete mpya kwenye mraba huo, ndipo ubonyeze saa inayohesabu muda wa kila mchezaji, kwa mkono uleule uliochezea. Ukibonyeza saa askari akiwa bado ameketi pale, hiyo ni hatua haramu: mpinzani anaongezewa dakika 2 (1 tu kwenye mchezo wa kasi kabisa, blitz), askari anageuzwa malkia kwa lazima, na ukirudia kosa umepoteza mchezo. Kama malkia haonekani mezani, unayo haki ya kusimamisha saa na kumwita mwamuzi akuletee. Wengi hawaijui haki hiyo, au wanaijua ila sekunde zimewaishia. Ndipo inapokuja tabia tuliyoizoea kwenye sataranji za mitaani: unachukua ngome iliyokwisha kuliwa, unaipindua kichwa chini, unasema “malkia”, na mchezo unaendelea.

Kwenye mashindano rasmi, ngome iliyopinduliwa ni ngome. Mwaka 2017, katika mechi ya kasi ya kuamua bingwa wa Kanada, mchezaji mmoja alifikisha askari wake, akatafuta malkia pembeni ya ubao asimwone, kwa kuwa alikuwa mkononi mwa mpinzani pamoja na kete nyingine zilizoliwa. Akaweka ngome kichwa chini, akasema ni malkia. Mwamuzi akasimamisha mchezo, akatoa uamuzi: hiyo ni ngome. Mchezo ukaendelea na ngome, akafungwa, ubingwa ukaenda.

Huo ni ushahidi mzuri kwa upande wangu. Kuna sheria, kuna saa, kuna mwamuzi, kuna dhuluma ya kulalamikia, kama penalti ya dakika ya 90. Tatizo ni kwamba ukishaanza kufikiria askari anayegeuka ngome badala ya malkia, huwezi kuruka mwaka 1895, na mwaka huo unanivurugia hoja.

Gazeti la Glasgow Weekly Citizen la Scotland lilikuwa na safu ya sataranji iliyoandikwa na mtu aitwaye Barbier. Mwaka huo alifariki mchezaji wa London, Potter. Barbier akajaribu kuukumbuka mwisho wa mchezo ambao Potter alicheza na Fenton mwaka 1875 na kwenda sare. Kumbukumbu yake haikuwa kamili, ila akapata kitu kizuri zaidi ya kile kilichotokea. Akachapisha fumbo: mweusi acheze, apate sare.

Pangeni ubao. Herufi a hadi h ni safu za wima kutoka kushoto kwa mweupe, namba 1 hadi 8 ni safu za mlalo kutoka upande wake. Kama hamna sataranji, vifuniko vya soda vinatosha, kete ni nne tu. Mfalme mweupe yuko b6, askari wake c7, bado mraba mmoja afike. Mfalme mweusi yuko a1 pembeni kabisa, ngome yake d5. Zamu ni ya mweusi.

Ngome inakwenda d6, cheki, yaani inamtishia mfalme, naye lazima ajiokoe. Mweupe akienda b7, ngome inakaa d7 na askari anabanwa: hawezi kusogea bila kumwacha mfalme wake wazi, na hatua inayofuata analiwa. Akienda c5, ngome inashuka hadi d1. Askari akigeuka malkia, ngome inapiga cheki kutoka c1 na kumla malkia aliye nyuma ya mfalme. Kwa hiyo mfalme anakwenda b5. Ngome d5, cheki. Mfalme b4. Ngome d4, cheki. Mfalme b3. Ngome d3, cheki. Sasa mfalme anaingia c2, na hapo cheki zimekwisha: c1 ameilinda mwenyewe, na ngome iliyo d3 iko kwenye hatari ya kuliwa.

Ungedhani mweusi amekwisha. Lakini ngome inakwenda d4 kimya, bila cheki yoyote. Mweupe akimgeuza askari kuwa malkia hapo c8, kama ambavyo mkono wa kila mchezaji ungefanya, ngome inakwenda c4, cheki. Malkia analazimika kuila. Tazameni alipo mfalme mweusi: b1 na b2 zimeshikwa na mfalme mweupe, a2 imeshikwa na malkia kwa mshazari kutoka c4. Hajapigwa cheki, hana pa kwenda, na hana kete nyingine ya kusogeza. Huo ni mkwamo, na mkwamo ni sare. Barbier akaridhika, akachapisha jibu hilo.

Akapata ujumbe wa msomaji. Fernando Saavedra alikuwa mtawa wa Kihispania aliyeishi Glasgow, mchezaji wa kawaida tu, asiye na jina. Akasema mweupe anashinda. Askari akifika c8 asiwe malkia, awe ngome.

Kwa nini ngome? Kwa sababu ngome haioni mshazari. Mweusi akirudia ujanja wake wa c4, ngome inaila ngome, lakini a2 sasa iko huru, kwa hiyo hakuna mkwamo. Mfalme mweusi analazimika kwenda a2, ngome nyeupe inahamia a4, ni cheki meti: mfalme ametishiwa na hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Na hata bila hayo, ngome mpya iliyo c8 inatishia kwenda a8 na kuua moja kwa moja. Mweusi ana kinga moja: ngome yake iende a4. Hapo mfalme mweupe anasogea b3, hatua moja yenye kazi mbili, kuitisha ngome ya a4 na kuandaa cheki meti ya c1. Mweusi hawezi kuzuia yote mawili.

Narudia, kwa sababu ndipo palipo na utamu: mweupe anachukua kete yenye thamani ya 5 badala ya kete yenye thamani ya 9, na ndiyo njia pekee ya kushinda. Siku hizi fumbo hili huchapishwa askari akiwa c6, mweupe akianza na kushinda, na linaitwa kwa jina la Saavedra. Hakutunga fumbo, wala mashindano hakushinda. Aliona hatua moja, na hatua hiyo ndiyo iliyolihifadhi jina lake zaidi ya miaka 120.

Sasa nambieni hiyo ni michezo ya aina gani. Hapakuwa na mpinzani, saa, wala kombe. Marcel Duchamp, mchoraji aliyeiwakilisha Ufaransa kwenye Olimpiadi za sataranji, mashindano ya timu za mataifa, alisema wachezaji wote wa sataranji ni wasanii, na nilipokuwa naanza jibu hili ningemcheka. Nikiwa na ubao huu mbele yangu sicheki. (Ingawa sanaa yenyewe nayo imewekewa pointi: watunzi wa mafumbo hupelekea kazi zao kwa waamuzi watatu, kila mmoja anatoa hadi pointi 4, na jumla ikifika 8 fumbo linaingia kwenye albamu ya FIDE ya mafumbo bora. Pointi 70 za albamu ni cheo cha juu kabisa, grandmasta wa utunzi. Hawa watu hawawezi kukaa bila msimamo wa ligi.)

Sayansi nitaipitia haraka, maana haina ubishi mkubwa. Nafasi zote za kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo, zimekwisha kukokotolewa. Kazi ya kete saba ilikamilishwa mwaka 2012 kwa kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Moscow, na jedwali lake lilikuwa na ukubwa wa terabaiti 140 hivi. Kete nne za Saavedra kwake ni mzaha. Utaiuliza, itakwambia ngome, na ingekwambia kwa sauti ileile hata kama jibu lingekuwa malkia. Drafti ya sheria za Uingereza na Marekani, ambayo kingi hutembea hatua moja moja, ilimalizwa kabisa mwaka 2007: pande zote mbili zikicheza bila kosa ni sare. Wa vijiweni wasihuzunike, kingi wetu anaruka mbali, huo ni mchezo mwingine.

Lakini hebu tuitazame tena ile sare ya mkwamo, maana uzuri wote wa 1895 umesimama juu yake. Nani kasema mkwamo ni sare? Uingereza, tangu karne ya 17 hadi mwanzoni mwa karne ya 19, mkwamo ulikuwa ni kushindwa kwa yule aliyemkwamisha mwenzake. Kwa sheria ile malkia wa c8 angekuwa balaa zaidi. Na kama mkwamo ungehesabiwa ushindi kwa aliyekwamisha, kama baadhi ya watu wanavyopendekeza hadi leo, mweupe angechukua malkia tu, angekula ngome, na habari imekwisha. Saavedra asingekuwa na cha kuandika. Sayansi hugundua kilichopo. Hapa hakuna kilichopo mpaka watu wakae wakubaliane kanuni. Mchoraji naye hahitaji kanuni ya namna hiyo ili rangi yake iwe nzuri.

Kwa hiyo nafika mahali ambapo sikukusudia kufika. Kama ni lazima niweke alama kwenye kisanduku kimoja, naweka kile cha kwanza, kile nilichokuwa nakidharau: mchezo. Mchezo tu, watu wawili wamekubaliana kwamba ngome inakwenda wima na mlalo, na kwamba asiye na hatua hajafungwa. Sanaa ya Saavedra inatoka ndani ya makubaliano hayo. Na uamuzi wa Kanada unatoka humohumo.

Nina tahadhari mbili. Ya kwanza, Emanuel Lasker, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921, aliuona mchezo huu kuwa ni mapambano kabla ya kitu kingine chochote, na sina ubavu wa kubishana na miaka 27 ya ubingwa. Ya pili ni kwamba fomu ya kuomba fedha ikiletwa mbele yangu kesho, nitajaza “michezo ya mashindano” bila kupepesa jicho, na nitaambatanisha kilo 10 za Karpov. Kwenye fomu sitaji Saavedra.

Na kwa wanaoandaa mashindano ya shule, ambako seti moja huwa na malkia mmoja mweupe na mmoja mweusi tu: kusanyeni malkia kutoka seti zilizopotelewa na kete, wekeni wawili wa ziada, mmoja wa kila rangi, kwenye kila meza kabla saa hazijaanza, na mwambieni kila mtoto kwamba anaruhusiwa kusimamisha saa na kuinua mkono.