Kwa mnaoanza kuongoza wageni Bagamoyo: "surely" si "hakika"

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, Kiingereza cha tarehe na majina mtakizoea ndani ya mwezi. Yanayochelewa kukaa ni maneno ya uhakika, na hayo ndiyo yanayomfanya mgeni akuamini au asikuamini.

Mwaka wangu wa kwanza, mgeni mmoja aliniuliza pale misheni, chini ya mnara, kama kweli mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, ulilazwa hapo mwaka 1874 kabla ya kusafirishwa Uingereza. Nikajibu kwa kujiamini: "Surely it was here." Akafunga daftari lake. Nilidhani nimesema "hakika ulikuwa hapa", kumbe masikioni mwake nilisema "jamani, si ulikuwa hapa?" Anayesema "surely" mara nyingi anataka jambo liwe hivyo, na anaomba umuunge mkono. Unalolijua litaje bila pambo: "It was here." Hata "I'm sure" hulipunguza nguvu, maana humkumbusha mgeni kuwa kuna la kutilia shaka.

"Must" ni ya kukisia kutokana na unachokiona. Kaole, kwenye magofu ya kale jirani na mji, mbele ya makaburi ya nguzo, sema "They must have been rich", kama tunavyosema "lazima walikuwa na mali". Hukuwaona, nguzo ndizo zinazokuambia. Lakini usiseme "Chuma and Susi must have carried the body". Safari ya hao watumishi wa Livingstone, walioubeba mwili wake hadi pwani, inajulikana, nawe utakuwa umeigeuza ya kubahatisha. Inaniuma kila ninapoisikia.

"No doubt" itawapa shida kidogo tu, kwa sababu tunayo kwetu. Ukimwambia mtu "bila shaka umechoka na safari", hujui kama amechoka, unakisia kwa upole. "No doubt" hufanya vivyo hivyo mara nyingi. Na "of course" msimjibie mgeni anayeuliza asichokijua, husikika kama "kwani hilo hulijui?"

Kisha wataulizia jina la mji. Wapo wanaosema bwaga moyo ni ya wapagazi waliofika pwani wakatua mizigo na kupumua. Wapo wanaosema ni ya watumwa waliokata tamaa. Hapo tumia "some say", utaje yote mawili. Ukisema "definitely", mzee aliyekaa barazani hapo jirani atakukatiza mbele ya wageni wako, na atakuwa na haki.