Mbao kumi na tatu

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama vyuo vya ufundi vipunguze masomo ya darasani ili kijana akae zaidi karakana. Mimi ni seremala hapa Mafinga na napokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Nasema visipunguze, ila masomo hayo yahamie karakana.

Mwaka jana nilimtuma kijana mmoja mbao. Tulitaka vipande 30 vya futi 5 kwa ajili ya mabenchi, na ubao tunauziwa wa futi 12. Akachukua kalamu: 30 mara 5 ni 150, gawa kwa 12, kumi na mbili na nusu. Akaja na mbao 13. Mwalimu wa hisabati angempa vema. Lakini ubao mmoja unatoa vipande viwili tu, kinabaki kipisi cha futi 2 ambacho humkalishi mtu. Zilitakiwa 15. Akarudi sokoni, nauli ya guta nikalipa mimi. Na si kijana mzembe. Randa anaisukuma kunishinda. Hesabu anayo na mkono anao, ila hakuna siku chuoni vilipokutanishwa.

Wanaosema "mfundisheni kazi tu" waniangalie mimi, niliyejifunzia kwa fundi. Kuunga najua. Milango yangu ya kwanza kwenda Dodoma ilifika imenyooka, kiangazi kikaifumua: nyufa, mbao zimeachana kama meno ya mtoto. Paini ikitoka mashineni mbichi husinyaa kwa upana, urefu haubadiliki sana, na ukavu wa Dodoma si unyevu wa huku. Fundi wangu hakunieleza, naye alikuwa akiuza hapahapa tu. Somo hilo la sayansi nililipia kwa milango sita.

Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Sisi tukalifanya adhabu.

Basi mwanafunzi apewe oda ya mteja wa kweli: apime, aandike profoma, yaani karatasi ya bei anayopewa mteja kabla ya kazi (mimi nimewahi kukosa kazi kwa kushindwa kuiandika), anunue, atengeneze, akabidhi. Walimu wa hisabati na lugha wamsahihishe palepale kwenye vumbi la mbao.

Kijana yule siku hizi hanitajii idadi ya mbao kabla hajachora vipande kwa chaki sakafuni.