Kumtafuta abiria wa meli ya Norge iliyozama mwaka 1904

Swali: Naishi Norwei nilikoolewa. Wakwe zangu husimulia kwamba dada wa babu yao alizama na meli ya Norge alipokuwa akihamia Marekani. Nimepekua orodha za abiria wa Norge walioingia New York bila kumwona. Je, hilo linathibitisha kwamba alikufa?

Jibu: Halithibitishi, dada, kwa kuwa hata walionusurika hutawakuta humo. Norge ilitoka Copenhagen, ikapakia abiria wengine Kristiania, ndiyo Oslo ya leo, na Kristiansand, kisha tarehe 28 Juni 1904 ikapanda mwamba karibu na Rockall, magharibi mwa Scotland, ikazama. Watu wapatao 635 walikufa, 160 wakaokolewa. Waliookolewa wakaendelea na safari waliingia Marekani kwa meli nyingine. Kwa hiyo pekua orodha za Julai 1904 na miezi iliyofuata kwa jina la mtu, si kwa jina la meli.

Kabla ya hapo, anzia alikoondokea. Polisi wa Kristiania na wa Kristiansand waliandikisha wahamiaji katika madaftari maalumu, pamoja na umri, kazi na mahali walikotoka, na mengi yanasomeka bure kwenye Digitalarkivet, tovuti ya nyaraka za kale ya Hifadhi ya Taifa ya Norwei. Ugumu mkubwa uko kwenye majina. Kabla ya sheria ya mwaka 1923, Wanorwei wengi hawakuwa na jina la ukoo lisilobadilika: binti wa Anders angeweza kuandikwa Andersdatter katika kitabu cha kanisa, na kwa jina la shamba la kwao katika daftari la polisi. Mtambue basi kwa umri na parokia kwanza, na uangalie pia walioandikwa jirani naye, maana ndugu na majirani walizoea kusafiri pamoja. Hata ukimpata, daftari hilo linaonyesha kwamba alijiandaa kusafiri. Halionyeshi kwamba alipanda, wala yaliyompata baharini.

Magazeti ya Julai 1904 yatakusaidia, ila yasome kwa mfuatano wa tarehe. Mashua za kuokolea zilitawanyika baharini, na manusura walifikishwa nchi kavu kwa siku tofauti, wengine Grimsby huko Uingereza, wengine Stornoway huko Scotland, kwa hiyo aliyehesabiwa amekufa katika toleo la mwanzo huenda yumo miongoni mwa waliookolewa katika toleo la baadaye. Kuna familia zilizoomboleza mtu aliyekuwa hai, na kosa la namna hiyo likiingia katika kumbukumbu za ukoo huwa gumu kuling'oa.

Linganisha pia sensa za Norwei za mwaka 1900 na 1910, kisha uulizie faili la mirathi. Usitegemee orodha ya maziko ya kanisani, kwani ambaye mwili wake haukupatikana hakuzikwa. Mpaka upate angalau kumbukumbu mbili zisizonakiliana, mwandike hivi: "Aliandikishwa kusafiri na Norge, hatima yake haijathibitishwa."