Mkufu uliokutwa kwenye mkoba wa msaada: maoni ya muuza mitumba

Dada mleta mada, nimesoma michango yote tangu jana. Kwa wanaoingia sasa hivi: kikundi chao cha akina mama huko Tabata kinakusanya nguo na vyombo vilivyotumika, wanaviuza bei poa, hela inakwenda kituo cha watoto yatima. Familia moja iliyofiwa na mama yao imeleta mizigo ya nguo za marehemu, na ndani ya mkoba mmoja, kwenye kijifuko cha zipu, umekutwa mkufu wa dhahabu. Wengine kikundini wanasema kilichotolewa kimetolewa. Wengine wanasema urudi.

Mimi niliuza mitumba Karume miaka mingi, mpaka soko lilipoungua Januari 2022, kwa hiyo habari za kukuta vitu mifukoni si ngeni kwangu. Ukishakata kamba za belo na ile harufu ya dawa ikakupiga puani, vijana hawaanzi kuchambua madaraja, wanaanza kupekua mifuko. Makoti ndiyo yenye neema: tiketi za treni, funguo, sarafu ambazo hakuna duka la fedha za kigeni linalozitaka, mara chache noti. Niliwahi kukuta ya karatasi ya pauni 10, na Uingereza walishaiondoa kwenye mzunguko tangu Machi 2018. Benki kuu yao inazibadilisha hata leo, lakini nani apande ndege kwa pauni 10? Ikawa pambo la meza.

Kwa noti ile dhamiri haikunisuta. Koti lilitolewa na mtu, likapita duka la kuuza vitu vya msaada, likakosa mteja, likauzwa kwa kilo, likafungwa belo, likavuka bahari, likafika kwa muuza jumla, ndipo likaja kwangu. Mwenyewe humpati hata ukitangaza mwaka mzima. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo inamtazama hivyo mwokotaji: hahesabiwi mwizi ikiwa hamjui mwenye mali na ana sababu za msingi za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Sasa nyinyi mwenye mali mnamjua, na namba ya simu ya aliyeleta mizigo mnayo. Kwa hiyo ile hoja ya "Karume kila mtu anajichukulia" iliyoletwa hapo juu haiwahusu.

Na hiyo ya "kilichotolewa kimetolewa" inachanganya mambo. Wangewakabidhi ule mkufu mkononi wakidhani ni wa bandia kumbe dhahabu, hapo kuna mjadala, maana mkufu walikusudia kuutoa, bei tu ndiyo hawakuijua. Mimi ningewaambia, ila asiyewaambia simlaumu sana. Hawa walitoa mkoba. Kilichokuwemo hawakukijua. Tena Uingereza, kwenye mpango wao wa nafuu ya kodi kwa sadaka, Gift Aid, duka la vitu vya msaada linauza kama wakala tu: mali ni ya mtoaji mpaka inunuliwe, na mauzo yakivuka kiwango fulani lazima aarifiwe kabla hela haijahesabiwa kuwa sadaka.

Kinachonitia wasiwasi ni namna ya kuurudisha. Wengi mmesema apigiwe simu aliyeleta. Taratibu jamani! Aliyeleta ni nani? Mtoto? Mkwe? Vitu vya marehemu ni mirathi, na dhahabu ya mama ndiyo inayogombanisha mabinti, hilo wote tunalijua. Mkimkabidhi mkwe kimya kimya, kesho binti aliyeolewa Mwanza atasikia mlikuta mikufu mitatu mkarudisha mmoja. Ulizeni kwanza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni nani. Kama bado hajateuliwa, ombeni wakubwa wa familia waje zaidi ya mmoja. Kwenye simu msitaje mlichokuta, semeni tu kuna kitu kimebaki kwenye mizigo, wao ndio wakitaje. Waislamu kikundini watakuwa wanalijua hili kwenye hukumu za luqata, yaani mali iliyookotwa: mwokotaji anazishika alama, mdai ndiye anayezieleza. Piga picha, upimwe uzito kwa sonara mbele ya mashahidi, muandikishane. Wakisema wenyewe "uuzeni, iwe sadaka ya mama yetu", pokeeni, ila nalo liandikwe na wote waliopo watie sahihi.

Halafu kuna lile ulilolipitia juu juu mwishoni, kwamba mwenzenu alijiuzia saa ya mkononi kwa elfu 5 kabla haijafika mezani. Mteja akija Karume akachomoa koti la laki kwa elfu 10, ni jicho lake, halali yake, bei nilipanga mimi. Lakini mpanga bei awe yeye, mnunuzi yeye, na mali ni ya yatima? Vijana wangu nilikuwa siwaruhusu kununua kwenye belo walilofungua mpaka limwagwe chini mbele ya wateja, na walikuwa wananinunia kweli kweli. Hiyo saa irudi mezani, bei apange mtu mwingine, naye akiitaka apange foleni.