Promota anawauzia wafuasi 10,000? Rudisheni hiyo hela mfukoni

Mkuu, nimesoma uzi wako mara mbili. Umeuliza muanze na mtandao gani, mposti mara ngapi kwa wiki, video ziwe na urefu gani, halafu chini kabisa, kama jambo dogo tu, ukaandika kwamba kuna promota amewaahidi wafuasi 10,000 ndani ya wiki moja na bendi imeshachanga nusu ya hela. Hayo matatu ya mwanzo yanaweza kusubiri. Hilo la mwisho haliwezi. Msimlipe. Kama nusu imeshamfikia, iacheni ipotee hukohuko, msiifuate na nusu nyingine.

Mwenzako nimelipita hilo tundu. Bendi yetu ilikuwa ya watu watano, na ukurasa wetu ulikuwa na wafuasi 1,940. Naikumbuka namba hiyo kwa sababu tuliitolea jasho miaka miwili. Kila shoo, mpiga besi alikuwa akishuka jukwaani hajakauka, anasimama mlangoni anawaambia watu jina la ukurasa, wanautafuta hapohapo kwenye simu zao. Tukiweka kipande cha mazoezi, tunapata laiki 140 na maoni kama 30. Kulikuwa na dada mmoja ambaye kila tukiweka wimbo, maoni ya kwanza ni yake, na hakuwa wa kuandika "safi sana" akapita. Alikuwa anasema kabisa ubeti gani umemgusa, na kwa nini. Sisi watu wale tuliwaona wachache. Hapo ndipo kosa lilipoanza, kabla hata ya promota kutokea.

Tulikuwa na wimbo mpya unaotoka baada ya wiki tatu. Promota akaja mazoezini, akakaa, akatusifia, akafungua simu akatuonyesha kurasa alizozipandisha. Akasema, "Watu hawaingii kwenye duka tupu." Akasema bendi zote kubwa zilianza hivyo, ila hazisemi. Akasema wafuasi anaowaleta ni watu kweli, wapenzi wa muziki, anawatoa kwenye "mtandao wake". Nikamuuliza mtandao gani huo, akacheka, akasema hiyo ni siri ya kazi. Tukampa hela tuliyoitenga kwa ajili ya kuchanganya sauti za nyimbo mbili. Nyimbo hizo mpaka leo hazijatoka.

Ndani ya siku tisa tukafika 21,000. Sitadanganya, usiku ule tulifurahi. Mpiga dramu aliipiga picha ile namba akaituma kwa ukoo mzima.

Kisha tukaposti kipande cha wimbo mpya. Laiki 9. Tukadhani intaneti ina shida. Tukaposti tena kesho yake jioni: laiki 12, na tano kati ya hizo ni zetu wenyewe.

Mkuu, hapa soma taratibu, kwa sababu hili ndilo hakuna promota atakayekueleza. Mtandao haumwonyeshi kila mfuasi kila posti. Unakisia nani ataijali, na unakisia kwa kuangalia wafuasi wako wanavyoitikia: nani alisimama akatazama, nani aliandika, nani alimtumia mwenzake. Posti ikipita mbele ya watu wasioitikia, mtandao unaelewa kwamba haina mvuto, basi haiisukumi mbele. Sasa sisi tulikuwa tumewamwaga watu 19,000 wasio na masikio juu ya watu 1,940 wanaotusikiliza. Posti zikawa zinaangukia kwa wale wafu, zinafia hapo, na watu wetu wa kweli hawazioni kabisa. Yule dada wa maoni ya kwanza hakutuacha. Sisi ndio tulimjengea ukuta mbele ya macho.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Nikasema tulipie tangazo, tuamshe ukurasa. Nikachagua tangazo liende kwa wanaotufuata, halafu jingine liende kwa watu wanaofanana na wanaotufuata. Fikiria mwenyewe. La kwanza tulilipa ili akaunti feki zilione. La pili tulilipa ili mtandao ututafutie watu wanaofanana na akaunti feki. Nilipofungua takwimu za ukurasa nikakuta wafuasi wetu wengi wako kwenye miji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia, na lugha zao si lugha tunayoimbia.

Bado sijafika pabaya.

Kwenye kile kifurushi kulikuwa na maoni pia, maoni 200 ya bure, "nyongeza kwa sababu ninyi ni vijana wangu". Hatukujua yatakuja lini. Wiki hiyo mama yake mpiga gitaa wetu akafariki. Tukaweka picha yake ukurasani, tukaandika kwamba shoo ya Jumamosi haitakuwepo, tukaomba watu wamwombee mwenzetu. Na chini ya tangazo lile la msiba yakaanza kumiminika: "Kazi nzuri, endeleeni hivyohivyo!" "Moto sana!" Alama za moto, mikono inapiga makofi, moja baada ya nyingine, zaidi ya mia. Mpiga gitaa akanipigia saa saba usiku, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Hawa watu ni akina nani?" Mimi ndiye niliyesaini ule mkataba. Nilikaa nikifuta maoni yale mpaka alfajiri, na kila nikifuta mawili yanakuja manne. Nikimpigia promota simu haipokelewi. Alijibu baada ya siku mbili, akasema mfumo unajiendesha wenyewe, hawezi kuusimamisha katikati, na kwamba tuangalie upande mzuri, posti ile "imefanya vizuri". Miaka imepita na hilo neno bado sijalisamehe. Mtu anayeweza kulisema chini ya picha ya marehemu hajui hata anachouza.

Kisha ukumbi. Mwandaaji mmoja wa shoo ambaye hakuwa akitujua aliona 21,000, akatupa usiku mzima kwenye ukumbi wa watu 400. Mtu mwungwana, alitulipa nusu mapema, akachapisha mabango kwa hela yake. Walikuja watu 37. Nilihesabu nikiwa jukwaani, katikati ya wimbo wa pili, na kati yao 11 walikuja na bendi iliyotufungulia. Mashabiki wa kununua hawapandi basi, hawasimami foleni, na mvua ikinyesha hawalowani. Mwandaaji hakutugombeza. Alitumalizia hela yetu yote, akatushukuru, na hakutupigia tena. Nasikia aliwaambia wenzake wawili pia. Hela ya promota tuliirudisha kwa shoo tano. Jina letu kwa watu wenye kumbi lilichukua miaka mitatu.

Na usidhani ni bahati mbaya yetu peke yetu. Novemba 2018 bendi ya Marekani iitwayo Threatin ilikwenda kupiga Uingereza ikiwa na kurasa zilizojaa mashabiki wa kutengeneza. Ukumbi wa Underworld, pale Camden, London, uliambiwa tiketi 291 zimeshauzwa. Walitokea watu watatu. Wapigaji waliokodiwa wakajitoa na ziara ikavunjika njiani. Mwenye bendi ile aliupanga udanganyifu wake mwenyewe, sisi tulidanganywa na mtu mwingine, lakini mwenye ukumbi akianza kuhesabu vichwa tofauti hiyo haimsaidii kitu.

Tena hata namba yenyewe si mali yako. Desemba 2014 Instagram ilifagia akaunti feki kwa mkupuo, wasanii wakubwa wakapungukiwa mamilioni. Mwaka 2019 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia mwisho wa kesi yake na kampuni ya Devumi iliyokuwa ikiuza wafuasi feki, na wanamuziki walitajwa miongoni mwa wateja wake. Mwaka 2024 tume hiyohiyo ikatoa kanuni inayokataza kuuza na hata kununua wafuasi wa aina hiyo kwa ajili ya biashara. Na promota wako akimaliza na wafuasi atakuja na "wasikilizaji", nakuhakikishia. Tangu mwaka 2024 Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, inawatoza faini wasambazaji, yaani kampuni zinazoupelekea nyimbo za wasanii, nyimbo hizo zinapokutwa na usikilizwaji wa kughushi uliokithiri, na msambazaji hatakaa na mzigo huo peke yake, atakutafuta wewe uliyempa wimbo.

Utaniuliza kwa nini hatukuwafuta tu. Tulijaribu. Mimi na mpiga besi tulikaa wikendi mbili tukiwatoa mmojammoja. Tulitoa mia kadhaa, macho yakatuuma, na kosa kubwa zaidi ni kwamba tukawatoa na watu wa kweli wasioweka picha zao. Mwisho tukaufunga ukurasa. Tukafungua mpya, tukatangaza kwenye ule wa zamani kila siku kwa mwezi mmoja kwamba tumehama. Lakini tangazo lilikuwa linaangukia kulekule kwa wafu. Kati ya 1,940 walivuka 410. Yule dada hakuvuka. Sijui jina lake kamili, kwa sababu hatukuwahi kumuuliza. Miaka miwili anatuandikia, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumjibu zaidi ya kumwekea moyo.

Ndipo tulipojiwekea sharti moja, nami nakusihi ulichukue kama lilivyo: msimhesabu mfuasi ambaye hamjui alikupateni wapi. Alikuja kwenye shoo, aliletwa na rafiki, alisikia wimbo mahali akautafuta, bendi nyingine iliwataja, vyote ni sawa. Lakini kila mtu awe na njia aliyopitia. Mtu akija kwako na watu wasio na njia, hata akiwaleta bure, wakatae.

Kwenye ukurasa mpya sharti hilo lilibadilisha kila tulichokuwa tunafanya. Mlangoni tukaweka daftari, jina na barua pepe, na swali moja: umetusikia wapi? Asubuhi baada ya shoo tunaweka picha ya watu wa ukumbini, siyo ya jukwaa, kwa sababu mtu akijiona anamwita na mwenzake aje ajione. Kila maoni yanajibiwa siku hiyohiyo, kwa jina, na anayejibu ni mwanabendi, tunapokezana. Tukatafuta bendi za ukubwa wetu, tukawa tunatangaziana shoo. Tangazo la kulipia tunaliweka mara moja tu, wiki ya shoo, kwa watu wa mji ambao tunapiga, na ndani yake kuna wimbo wenyewe, siyo maneno ya "tufuate". Baada ya mwaka tulikuwa na wafuasi 900. Mia tisa tu, chini ya nusu ya tulipoanzia. Tukajaza ukumbi wa watu 120, wengine wakabaki nje.

Kuhusu mtandao gani: ule ambao wale watu arobaini uliosema wanakuja kwenye shoo zenu sasa tayari wanautumia. Waulizeni mlangoni leo, msituulize sisi wa huku mtandaoni.

Jambo la haraka zaidi. Umeandika kwamba promota "ameomba aingie kwenye ukurasa ili aanze kazi". Kama mmempa nywila, ibadilisheni kabla hujamaliza kusoma hapa. Nendeni kwenye mipangilio, mwangalie orodha ya wasimamizi, mtoeni yeye na yeyote msiyemjua, washeni uthibitisho wa hatua mbili, na hakikisheni wanabendi wawili, siyo mmoja, wana usimamizi kamili. Wa kwetu alijiongeza yeye na akaunti nyingine mbili, tukaja kugundua baada ya miezi minne. Halafu lete hapa majina ya hizo kurasa anazojisifia kwamba amezipandisha. Sisi wengine tutazifungua moja moja tuangalie ni nani anayeandika maoni pale, na kama wanajua hata jina la wimbo.