Okoa barua kwanza, kompyuta utachagua baadaye

SWALI: Kijana wangu, kompyuta yangu ni ya Windows 10, na naambiwa haihudumiwi tena. Barua pepe zangu zote tangu 2009 zimo kwenye Outlook: za wanafunzi wangu wa zamani, za mirathi ya marehemu kaka yangu, na picha za wajukuu. Mwanangu anasema ninunue Mac. Mpwa wangu anasema nisinunue kitu, niweke Linux. Mimi hofu yangu ni barua tu. Nimsikilize nani?
Mwalimu mstaafu

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Wasikilize wote wawili, ila si leo. Kwa sasa wasiiguse hiyo kompyuta, hasa huyo mpwa, maana kuiweka Linux, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta, mahali pa Windows ni kufuta diski.

Kwanza tujue barua zinakaa wapi. Fungua mipangilio ya akaunti ndani ya Outlook uone kama imeandikwa POP au IMAP, njia mbili za kupokea barua. Kwa POP, barua huteremshwa kwenye kompyuta na mara nyingi hufutwa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma wa barua, kwa hiyo ulizonazo hapo ndizo pekee duniani. Kwa umri wa akaunti yako, nashuku ndivyo ilivyo. Kwa IMAP barua hukaa kwenye seva, na hapo ndipo wengi hujidanganya kwamba wako salama kwa sababu wanaziona kwenye simu na kwenye kompyuta. Mjukuu akifuta folda kwenye simu, na kwenye kompyuta inatoweka. Hiyo si akiba.

Outlook ya POP hurundika kila kitu ndani ya faili moja lenye jina linaloishia na .pst. Funga Outlook kabisa, kisha linakili faili hilo kwenye diski ya nje. Ukitumia flashi, angalia kwanza imeumbizwaje, yaani imeandaliwa kwa mtindo gani wa kuhifadhi mafaili. Nyingi ni FAT32, na FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, hata flashi ikiwa tupu. Utaambiwa faili ni kubwa mno, uanze kuilaumu flashi bure. Iumbize upya kwa exFAT, ambayo Windows, Mac na Linux za siku hizi huisoma na kuiandikia. Kuumbiza kunafuta vilivyomo, kwa hiyo hamisha kwanza.

Hiyo ni nusu ya kazi, kwani .pst ni lugha ya Outlook, na Linux haina Outlook ya kusakinisha. Sasa, wakati Outlook yako ingali hai, weka Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, kwenye kompyuta hiyohiyo na uiagize ichukue barua kutoka Outlook. Ni ya bure, na ipo kwa Windows, Mac na Linux. Kwa kawaida huhifadhi kila folda kama faili moja la maandishi ya kawaida, barua moja baada ya nyingine, kwa mtindo uitwao mbox. Lifungue hata kwa programu ya Notepad: utaona mtumaji, tarehe, kichwa cha barua, kisha salamu zenyewe. Viambatisho ndivyo vitaonekana kama mrundo wa herufi zisizosomeka, usishtuke, vimo. Wakati wa kunakili, chukua folda nzima ya wasifu wa Thunderbird, inamoweka barua na mipangilio yake. Usije ukabeba faili linaloishia na .msf peke yake, hilo ni faharasa tu, barua hazimo.

Halafu ijaribu nakala kwenye kompyuta nyingine. Linganisha idadi ya barua folda kwa folda, na ufungue ile ya mirathi pamoja na kiambatisho chake. Nakala isiyojaribiwa mimi siihesabu.

Tuje kwenye kompyuta. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft, na kompyuta nyingi za zamani hazifaulu. Mac ni mashine nzuri, na ina Time Machine ya kuhifadhi nakala, ila kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) huwezi kuiongeza baadaye: unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachoishi nacho.

Kwa mtu wa barua na picha, mimi naegemea kwa mpwa. Aiwashe Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, mjaribu printa, sauti na intaneti. Vikifanya kazi, baki na kompyuta yako, na pesa ya Mac nunua diski mbili za nje, moja ikae nyumba nyingine. Lakini kama mwanao ndiye unayempigia simu kila kompyuta inapogoma, na yeye anaijua Mac tu, basi kura yake ina uzito kuliko yangu.

Lile faili la .pst usilifute hata Thunderbird ikikunyookea. Liache kwenye diski ya nje.