Sufuria moja ya mchaichai: koga kwanza, chai baadaye

Ukitafuta mtandaoni habari za kujitunza utaletewa picha ileile: sinki kubwa jeupe la kulala ndani, povu hadi shingoni, mishumaa imepangwa pembeni na kikombe cha chai kimewekwa juu ya kibao. Mimi nimepanga chumba Tabata, Dar es Salaam. Bafu letu ni la wapangaji wote, na kwetu ukiona mshumaa unawaka ujue luku imeisha. Lakini jioni nyingi naoga maji ya moto ya mchaichai, kisha nakunywa chai ya mchaichai huohuo, na sijaona nilichopungukiwa.

Kazi yangu ni cherehani. Anayeshona ananielewa: ikifika magharibi shingo imekaza, mabega yamepanda masikioni, na miguu imevimba kwa kukanyaga pedali. Wateja huniuliza nafanyaje nisilale na uchovu huo, ndiyo maana naandika.

Siri yote ni sufuria moja. Nabandika maji lita 5. Mchaichai naununua sokoni ukiwa bado na shina lake, kwa sababu harufu nyingi iko kule chini kwenye weupe. Unauosha vizuri, maana majani yale hubeba vumbi la barabarani, na uwe mwangalifu na kingo zake, zinakata vidole kama karatasi mpya. Shina naliponda kidogo kwa mchi, majani nayakunja na kuyafunga fundo kwa jani lake lenyewe ili yasitawanyike sufuriani. Natupia punje chache za karafuu, nafunika. Kufunika ni lazima. Ile harufu ni mafuta mepesi yanayopanda na mvuke, kwa hiyo ukiacha sufuria wazi jirani ndiye atakayefaidi. Maji yakishachemka na kugeuka rangi ya kijani iliyopauka kuelekea manjano, nazima jiko na kuyaacha yatulie kama dakika 10, bado yamefunikwa.

Hapo nachota chai kwanza, vikombe viwili, nachuja na kutia kwenye chupa ya chai. Yaliyobaki, kama lita 4 hivi, nayamimina kwenye ndoo ya lita 20 kwa kupitia chujio. Usipochuja, vipande vya majani vitakuganda mgongoni na vingine vitaziba tundu la bafu, na kwenye nyumba ya kupanga maneno yake utayasikia wiki nzima. Ndoo naijaza kwa maji ya bomba. Kwa maji yetu ya Dar ambayo hayana ubaridi wa kutisha, vipimo hivyo vinakupa joto la nyuzi 40 au 41. Walioko kwenye baridi ya Njombe au Lushoto watahitaji maji ya moto zaidi ya hayo. Pima kwa kiwiko, kwa sababu kiganja cha mtu aliyezoea kushika masufuria hakisemi kweli.

Jasho na vumbi la kutwa yatoe kwanza kwa sabuni na maji ya kawaida. Ndoo ya mchaichai inakuja mwisho, na baada yake husuuzi tena. Keti kwenye kigoda, chota kwa kata au kopo, mimina polepole kuanzia kisogoni yateremke mabegani. Usikimbilie kuyamaliza. Mimi nafumba macho na kupumua ule mvuke, basi, sina mantra wala muziki. Mwenzangu mmoja huingia na simu akiwa na kipindi chake cha redio, na yeye anasema anapumzika hivyo. Sawa, ila simu na ndoo ya maji havijawahi kuwa marafiki.

Sasa, muda. Hili ndilo watu wengi hulipuuza, na kwangu lina uzito kuliko hata mchaichai wenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, Marekani, walichambua tafiti zaidi ya 5,000 kuhusu kuoga maji ya moto na usingizi, wakabakiza chache zilizokidhi vigezo. Walichokiona ni kwamba maji ya nyuzi 40 hadi 42.5, hata kwa dakika 10 tu, yakiogwa saa moja au mbili kabla ya kulala, humfanya mtu apate usingizi haraka zaidi. Sababu yake inaeleweka hata bila maabara. Maji ya moto huvuta damu ije kwenye ngozi, hasa mikononi na miguuni. Ukitoka bafuni, joto la ndani ya mwili linapotelea huko nje, mwili unapoa, na mwili unaopoa ndio unaojiandaa kulala. Kwa hiyo ukioga maji ya moto na kujitupa kitandani papo hapo, umelala ukiwa bado unafuka. Ukitaka kulala saa nne usiku, oga kati ya saa mbili na saa tatu.

Najua kuna atakayesema, maji ya moto Dar, mwezi wa Januari? Nami nasema ndiyo, ya uvuguvugu wa kupendeza, si ya kuunguza. Maji ya baridi yanakuburudisha dakika chache, halafu jasho linarudi. Ya moto yanakutoa jasho mara moja, kisha ule upepo mdogo unaopita dirishani unauhisi mwilini. Jaribu usiku mmoja wa joto kali kabla hujabisha.

Na nafasi hiyo kati ya bafu na kitanda ndiyo nafasi ya chai. Najifunga kanga kavu, najipaka mafuta ya nazi, nakaa barazani na chupa yangu. Chai ikiwa ya mchaichai tu haina majani ya chai, na hapo ndipo ilipo faida yake. Chai yetu ya kawaida, ya rangi au ya maziwa, ina kafeini, na kafeini unayoinywa saa mbili usiku nusu yake bado inazunguka mwilini hata yakipita masaa matano hivi. Mtu anaoga vizuri, anajituliza, kisha anashushia kikombe kizito cha chai ya maziwa na kushangaa anahesabu mabati hadi usiku wa manane. Sukari mimi naweka kijiko kimoja au siweki kabisa. Asali inakubali zaidi, tena itie chai ikishapoa kidogo.

Mchaichai ukikuchosha, mdalasini na iliki vinakwenda vizuri. Tangawizi naipenda lakini naiweka kwa asubuhi na mchana, inanichangamsha tumbo. Kwenye maduka makubwa kuna pakiti za maua ya kamomili kutoka nje. Ni nzuri, ila kwa bei ile nitanunua mchaichai wa mwezi mzima. Choya nayo, ile rosela nyekundu inayotoka sana Dodoma, ni tamu ikiwa ya baridi na ina uchachu wa kukuamsha ulimi. Lakini choya inashusha presha, kwa hiyo kama unameza dawa za presha muulize daktari kabla hujaifanya kinywaji chako cha kila siku. Mjamzito vilevile, mitishamba yoyote ya kunywa mara kwa mara iulizie kliniki kwanza. Na chochote utakachochagua kiwe kikombe kimoja, viwili ukizidisha. Zaidi ya hapo utaamka saa nane kutafuta ufunguo wa choo cha nje.

Mtu asikwambie mambo haya ni uzungu. Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, alijenga mahamamu, yaani mabafu ya maji ya moto, ya Kidichi, Unguja, mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akajenga mengine Mji Mkongwe kwa matumizi ya watu wa mjini, na mtaa ule mpaka leo unaitwa Hamamni. Ukienda sasa utalipa kiingilio utazame vyumba vikavu. Majumbani, hata hivyo, mambo hayajakauka: biharusi wa Kizanzibari bado anasuguliwa singo ya waridi, asumini, langilangi na liwa, na hakuna anayemharakisha. Nashangaa kwa nini tunaamini mwanamke anastahili kutulia bafuni wiki ya harusi tu.

Tahadhari mbili tatu za vitu ninavyoviona mitaani. Kuna wanaomwaga mafuta ya karafuu ya chupani kwenye ndoo. Yale ni makali, yanaunguza ngozi, sehemu za siri ndiyo usiseme. Tumia punje kwenye sufuria, zinatosha. Kuna hita ile ya kutumbukiza kwenye ndoo: ichomoe kwenye soketi kwanza ndipo uguse maji, na usiiache ikichemsha huku watoto wanazunguka. Sufuria ya moto pia usiibebe mbio kuvuka uani gizani. Mimi humwita mtoto mkubwa wa mpangaji mwenzangu anitangulie na tochi, na wadogo wote waingie ndani kwanza.

Kuhusu foleni ya bafu, tumeelewana. Wanaume wa nyumba yetu huoga mapema wakitoka kazini, mama wa chumba cha mbele huoga akishasali isha, mimi nikishatoka. Nilimwambia wazi kwamba nitachukua robo saa na nusu yake ya ziada, asigonge mlango. Akacheka, akaomba na yeye nimchemshie. Siku hizi mara nyingine tunachangia gesi.

Maji yakikatika, na yanakatika, usiache yote. Lita 5 za sufuria zinatosha miguu. Toa chai yako kama kawaida, mimina yaliyobaki kwenye beseni, punguza makali kwa maji kidogo ya kwenye dumu, tia kiganja cha chumvi ya mawe, kaa barazani utumbukize miguu hadi juu ya vifundo huku kikombe kiko mkononi. Mwenye kisukari asijipimie joto kwa mguu, kwa sababu mguu uliokufa ganzi huungua bila kusema. Amwombe mtu mwingine ampimie kwa kiwiko, na asikae humo muda mrefu. Ukimaliza, futa katikati ya vidole mpaka pakauke.